Kimya cha Mtoto: Malezi, Lugha na Tabia za Kijamii za Watoto Wadogo katika Bonde la Ufa la Kati

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna malezi ya jamii mbalimbali zinazoishi Nakuru na viunga vyake yanavyoijenga tabia ya kijamii ya mtoto mdogo, hususan tabia ya kusema na kunyamaza mbele ya mtu mzima. Hoja yetu ni kwamba kimya cha mtoto darasani mara nyingi si dalili ya upungufu wa lugha wala wa akili, bali ni zao la mafunzo aliyoyapata nyumbani. Tunatumia matokeo ya tafiti zilizofanywa miongoni mwa Wakipsigis, Abagusii na Waluo, kisha tunaeleza yanayomhusu mwalimu wa Kiswahili.

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii hukaririwa katika mikutano ya wazazi, katika mahubiri na katika insha za wanafunzi kiasi kwamba tumezoea kuitamka bila kuuliza swali lililomo ndani yake: umleavyo kwa namna gani, na akue ili awe nani? Jamii mbili zaweza kumpenda mtoto kwa kiwango kimoja, zikamlisha na kumlinda sawasawa, lakini zikawa na picha mbili tofauti za mtu mzima anayetarajiwa. Hapo ndipo malezi yanapotofautiana, na hapo ndipo tabia za watoto zinapotofautiana.

Tuchukue mfano ambao mwalimu yeyote wa madarasa ya chini katika eneo la Njoro, Molo au Kuresoi ataukubali kuwa wa kawaida. Mwalimu anainua kikombe mbele ya mtoto wa miaka sita na kumwuliza, "Hiki ni nini?" Mtoto anainamisha kichwa. Mwalimu anarudia swali kwa sauti ya juu zaidi. Mtoto anatazama vidole vya miguu yake. Mwalimu anaandika katika daftari lake kwamba mtoto huyu ni mzito na hajui kujieleza. Saa ya mapumziko inapofika, mtoto huyohuyo anagawa andazi lake vipande viwili na kumpa mdogo wake wa chekechea, anamfuta kamasi, anaamua ugomvi wa wenzake wawili kwa maneno yaliyonyooka, kisha anakusanya vikombe vya darasa zima bila kutumwa. Je, ni yupi kati ya watoto hawa wawili aliye mtoto wa kweli? Jibu letu ni kwamba wote wawili ni mmoja, na malezi yaliyomfundisha kugawa andazi ndiyo yaliyomfundisha kuinamisha kichwa.

2. Dhana za Msingi

Kabla ya kuendelea, yafaa tufafanue istilahi mbili. Nomino malezi inatokana na kitenzi kulea, ambacho katika Kiswahili kina mawanda mapana. Hulelewa mimba, mgonjwa, mtoto na hata chama. Ndiyo maana vyama vyetu vya wanafunzi humwita mhadhiri anayevisimamia mlezi. Kulea, basi, ni kukitunza kitu kisichoweza kujisimamia hadi kiweze. Katika makala haya, malezi ni jumla ya matendo, maneno na mazingira ambayo kwayo watu wazima, na watoto wakubwa, humkuza mtoto mdogo.

Tabia ya kijamii nayo ni namna mtoto anavyohusiana na wengine: kusalimu, kugawa, kusaidia, kutii, kushindana, kupigana, kusema na kunyamaza. Kiswahili kina neno moja linalobeba sehemu kubwa ya maana hii, nalo ni adabu. Neno hili la asili ya Kiarabu lilikita mizizi pwani kabla ya kupanda bara. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika karne ya 19 na mama akimwusia binti yake, ni ushahidi kwamba jamii ya Waswahili iliyachukulia mafunzo ya mwenendo kuwa kazi ya mzazi na pia kazi ya lugha. Mtoto wa Nakuru anapoambiwa "kuwa na adabu", anapokea neno la pwani lililojazwa maana za Wakalenjin, Agikuyu, Abagusii, Waluo na wengineo. Neno ni moja. Yanayodaiwa kwalo ni mengi.

3. Ushahidi kutoka Kokwet

Katika miaka ya 1970, watafiti wawili kutoka Marekani, Sara Harkness na Charles Super, waliishi katika jamii ya wakulima Wakipsigis waliyoipa jina Kokwet, katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya. Ingawa Kokwet si Nakuru, Wakipsigis ni miongoni mwa wenyeji wa Kuresoi na sehemu nyingine za Kaunti ya Nakuru, hivyo matokeo yao yanatuhusu moja kwa moja.

Matokeo ya kwanza yanahusu mwili. Mwaka 1976 Super alionyesha kwamba watoto wa Kokwet waliketi, walisimama na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani. Wakati huo baadhi ya wanasayansi walidhani kwamba mtoto wa Kiafrika huzaliwa na mwili unaokomaa haraka. Super aliipinga dhana hiyo kwa hoja nyepesi: katika stadi ambazo mama wa Kokwet hawakuzifundisha, kama vile kutambaa, watoto wao hawakuwatangulia wenzao. Walitangulia katika yale waliyofundishwa. Mama walikuwa wakiwaketisha watoto kwa makusudi na kuwatembeza kwa kuwashika mikono. Kwa ufupi, mtoto hutangulia pale malezi yanapomsukuma.

Matokeo ya pili yanahusu lugha, nayo ndiyo yenye uzito zaidi kwetu. Mwaka 1977 Harkness na Super waliuliza kwa nini watoto wa Kiafrika huwa wagumu kupimwa. Watoto wa Kokwet walipotakiwa kusikiliza hadithi na kumsimulia mtu mzima upya, wengi walinyamaza au walisema machache mno. Hata hivyo, watoto haohao waliweza kutumwa ujumbe, kuchunga ndama na kumwangalia mtoto mchanga, kazi ambazo haziwezekani bila ufahamu mzuri wa lugha. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba malezi ya Kokwet yalisisitiza kuelewa kuliko kusema. Mtoto alizungumziwa hasa kwa amri na maagizo: lete, peleka, keti, ngoja, mwangalie mwenzako. Jibu lililotarajiwa lilikuwa tendo. Mbele ya mkubwa, mtoto mwema ni yule aliyesikia na akatenda.

Watafiti hao walibaini pia kwamba neno la Kikipsigis ng'om, ambalo kwa kukaribia twaweza kulitafsiri kuwa "mwerevu", lilipambanuliwa na wazazi wenyewe. Kulikuwa na mtoto aliye mwerevu nyumbani na mtoto aliye mwerevu shuleni. Mwerevu wa nyumbani ni yule anayeona kazi inayohitajika na kuifanya bila kukumbushwa. Wazazi hao waliona kwamba sifa hizo mbili si lazima ziandamane. Inafaa tulitafakari jambo hili: wazazi wa miaka ya 1970 walikuwa tayari wametofautisha aina mbili za akili, ilhali sisi walimu bado tunapima moja tu.

Kutokana na utafiti huu, Super na Harkness walipendekeza mwaka 1986 nadharia ambayo hapa tutaiita kiota cha makuzi. Kiota hicho kina sehemu tatu: mazingira anamoishi mtoto na watu waliomo, desturi za kumtunza, na fikra za wale wanaomlea. Sehemu hizi hutegemeana. Mama mwenye shamba, ng'ombe na watoto watano hana nafasi ya kukaa chini kumwuliza mtoto rangi ya maua. Anahitaji mtoto atakayesikia mara moja. Desturi hufuata mahitaji, na fikra za wema huja kuihalalisha desturi.

4. Kazi kama Shule ya Tabia

Ushahidi mwingine unatoka kwa majirani wa magharibi. Katika miaka ya 1950, kundi la watafiti lililoongozwa na John na Beatrice Whiting lililinganisha jamii sita: Nyansongo ya Abagusii nchini Kenya, na jamii nyingine za Mexico, Ufilipino, kisiwa cha Okinawa, India na Marekani. Katika kitabu chao cha 1975 walionyesha kwamba watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa waliotoa msaada na kuwajibika zaidi kwa wengine, ilhali wale wa mji wa Marekani walielekea zaidi kutafuta msaada na kujivutia macho ya watu. Sababu waliyoitaja haikuwa damu wala mahubiri, bali kazi. Mahali ambapo mama ana kazi nyingi za shambani, mtoto hupewa majukumu ya kweli mapema, hasa ya kumlea mdogo wake. Naye anayelea hujifunza kutambua haja ya mwingine kabla haijatamkwa.

Yafaa tuseme pia upande wa pili. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba watoto wa Nyansongo walikuwa na tabia ya ubabe kuliko baadhi ya wenzao. Mtoto anayepewa mamlaka juu ya mdogo wake hujifunza huruma, lakini pia hujifunza kuamrisha. Malezi hayatoi zao moja.

Mwaka 1973 Carol Ember alichapisha utafiti kuhusu wavulana wa Kiluo waliopewa kazi ambazo kwa desturi ni za wasichana, kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na msichana wa umri wa kuzifanya. Wavulana hao, hasa waliofanya kazi za ndani ya nyumba, walionyesha ukali na ubinafsi mdogo kuliko wavulana wengine. Hapa kabila ni lile lile na jinsia ni ile ile. Kilichobadilika ni kazi. Ushahidi huu unatukinga dhidi ya kosa la kusema kwamba watoto wa kabila fulani "ndivyo walivyo". Si kabila linalomfinyanga mtoto bali ni yale anayotendewa, anayoambiwa na anayotwikwa kila siku.

Robert LeVine na wenzake nao, katika kitabu chao cha 1994, waliwalinganisha mama wa Kigusii na mama wa tabaka la kati wa Boston. Mama wa Boston walizungumza zaidi na watoto wao wachanga na kuwatazama machoni. Mama wa Kigusii waliwabeba zaidi na kuwatuliza upesi walipolia. Kwa wa kwanza, mtoto mchanga ni mwanafunzi na mwenzi wa mazungumzo. Kwa wa pili, ni uhai unaopaswa kulindwa kwanza; mafunzo yatakuja baadaye, na mengi yataletwa na watoto wenzake. Hakuna upendo uliopungua kwa upande wowote.

5. Nakuru: Ua Mmoja, Malezi Mengi

Jamii zote tatu tulizozitaja zinakutana Nakuru. Mji huu ulizaliwa na reli, ukatangazwa kuwa mji mdogo mwaka 1904, na ukapandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Mashamba ya walowezi yaliwaleta vibarua kutoka pande zote, na ugawaji wa ardhi baada ya uhuru wa 1963 ukawaleta wengine. Leo katika ploti moja ya Kaptembwo, Rhonda au Free Area, vyumba hutazamana, mfereji ni mmoja na kamba za nguo ni za wote. Watoto wa vyumba hivyo huchezea ua mmoja, na lugha ya ua ni Kiswahili.

Mtoto wa ua huo hujifunza mapema kwamba kila mlango una adabu yake. Katika familia nyingi za Agikuyu, mtoto hupewa jina la babu au nyanya yake, na mzazi huweza kumwita mwanawe mdogo "baba" au "mama" kwa kuwa amebeba jina la mzazi. Kwa desturi ya Wakipsigis, wazee hutaja majina ya wahenga hadi mtoto mchanga apige chafya, na jina lililotajwa hapo likawa lake. Mtoto anayeitwa kwa jina la mhenga hutendewa kama mtu mwenye mahali pake tayari. Mtoto wa Kimaasai anayetoka upande wa Naivasha au Narok humwinamishia mzee kichwa ili aguswe utosini, wala haneni kwanza. Mtoto wa mpangaji kutoka pwani huambiwa aamkie, tena kwa sauti. Mmoja ameonyesha heshima kwa kunyamaza, mwingine kwa kusema.

Watu wazima wa ua hushirikiana pia kulea. Mama hujulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza, na jirani ana haki ya kumtuma mtoto wa mwenziwe dukani au kumkemea. Hapa methali isemayo kwamba mkono mmoja haulei mwana si pambo la maneno. Ndiyo taratibu ya siku. Lakini ua huweza pia kuvunjika. Mapigano ya Molo mwaka 1992, ya Njoro mwaka 1998 na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwatawanya majirani, na watoto wengi wa Nakuru walilala katika kambi ya uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mtoto hujifunza kumwogopa jirani kwa njia ileile aliyojifunzia kumsalimu: kwa kusikia wakubwa wanasema nini baada ya mlango kufungwa. Malezi ni pamoja na maneno ambayo hatukukusudia mtoto ayasikie.

6. Mwalimu wa Kiswahili na Kimya cha Mtoto

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unaitaja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa msingi, na katika Kiswahili stadi za kusikiliza na kuzungumza hupewa nafasi ya mbele. Mtoto niliyemtaja mwanzoni ana ushirikiano tele na kusikiliza kwingi. Kilichokosekana ni kumsemesha mkubwa. Mwalimu anayempima kwa hilo pekee atakuwa amempima kwa robo ya kibaba.

Tatizo limo katika aina ya swali. "Hiki ni nini?" ni swali ambalo mwulizaji anajua jibu lake. Katika nyumba ambamo mkubwa huuliza tu asichokijua, au huagiza anachokitaka, swali kama hilo ni kitendawili kisichotangazwa. Mtoto hashindwi kulijibu; anashindwa kuelewa kwa nini linaulizwa. Na kwa kuwa mkubwa hawezi kuwa hajui kikombe, yamkini kuna mtego, na aliyefunzwa adabu hunyamaza. Tunapendekeza hatua tatu.

Kwanza, mwalimu aanze na tendo kisha aelekee kwenye usemi. "Mpelekee mwenzako kikombe hiki, umwambie kinatoka kwa nani" ni agizo ambalo mtoto wa shamba analifahamu, na ndani yake mna sentensi nzima ya kutamka. Pili, watoto wasimuliane wao kwa wao kabla ya kumsimulia mwalimu, kwa maana wengi wao wamelelewa na watoto wenzao, na lugha yao huchanua huko. Tatu, vitendawili virudishwe darasani kwa uzito wake. Katika jadi zetu, kitendawili ndicho kikao ambapo swali lenye jibu linalojulikana ni halali, na ambapo mtoto hupewa idhini ya kusema mbele ya nyanya yake. "Kitendawili!" na "Tega!" kwa Waswahili, au "Gwata ndaĩ" kwa Agikuyu, ni mlango wa kauli. Mtoto akijua kwamba mlango umefunguliwa, huingia.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kimya chote kiheshimiwe na kuachwa. Mtoto aliyefunzwa kwamba mbele ya mkubwa hakuna ila kutii atawezaje kueleza alilotendewa na mkubwa mwovu? Hapo adabu hugeuka kuwa kifuniko. Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Sheria ya Watoto ya 2022 imepanua ulinzi wa mtoto dhidi ya ukatili. Lakini sheria haisikii asiyesema. Wanaomtetea fimbo hutaja kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Methali hiyo inaonya dhidi ya kudekeza. Haijasema kwamba mwana anyimwe kauli. Kumfundisha mtoto kwamba anaweza kumwambia mkubwa "hapana" au "naumia" bila kuvunja heshima ni kazi ya lugha, na mwalimu wa lugha ndiye wa kuianza.

Vilevile, hatuna budi kukumbuka kwamba tafiti tulizozitegemea ni za miongo iliyopita. Familia zimepungua ukubwa, watoto wengi wakubwa wako shuleni mchana kutwa, na mahali pa dada mlezi pamechukuliwa na yaya wa kuajiriwa au skrini ya simu. Katika nyumba nyingi za Section 58 au Milimani, mtoto huulizwa maswali ya rangi na umbo tangu akiwa na mwaka mmoja, naye huingia darasani akiwa msemaji hodari ambaye hajawahi kumbebea mtu chochote. Mtoto huyo naye ana pengo, ingawa shule zetu hazijaandaa daftari la kuliandika.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba tabia ya kijamii ya mtoto hufuata kazi anazopewa, maneno anayoambiwa na picha ya utu waliyo nayo wanaomlea. Malezi ya nyanda za juu za Bonde la Ufa yalijenga watoto wasikivu na wenye kuwajibika, kwa gharama ya kauli mbele ya wakubwa. Malezi ya mjini yanajenga wasemaji, wakati mwingine kwa gharama ya kuona haja ya mwenzao. Darasa la Nakuru huwaweka wote kwenye dawati moja, na hiyo ni nafasi adimu kwa kila mmoja kujifunza alichokosa kutoka kwa jirani yake.

Wengi wetu tunaosoma jarida hili tutapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na tutamkuta mtoto anayeinamisha kichwa. Kabla hatujaandika neno "mzito" katika daftari, tumwombe atupelekee kikombe kwa mwenzake, kisha tusikilize atakavyosema akifika.